Redio Ikisema Mahali Tulipo, Nani Anasikia?

Mazungumzo mbele ya familia zilizohama makwao, wenyeji wanaozipokea na viongozi wao, Miti, Kivu ya Kusini

Najua wengine mmeacha madumu yenu kwenye foleni ya maji ili mfike hapa, kwa hiyo sitazunguka sana.

Mmeniita nieleze jambo moja. Limekuja pendekezo la kuleta huku redio ndogo zinazotuma habari ya mahali zilipo, kisha mahali hapo paonekane katika ramani kwenye intaneti. Magari ya msaada yangezibeba, gari la wagonjwa lingebeba yake, na kila kundi la familia zinazohama lingepewa moja ili ijulikane limefika wapi. Katika kikao kilichopita mama mmoja aliuliza: "Kama ninyi mtaniona, ni nani mwingine ataniona?" Hakujibiwa. Watu walicheka kidogo, kikao kikaendelea. Mimi nimekuja kwa ajili ya swali la mama huyo.

Nianze na chombo chenyewe, maana mtu akiogopa kitu asichokijua anaweza kuogopa upande usio wa hatari.

Duniani kote kuna watu wanaoitwa radioamateri. Hawauzi kitu hewani, wala hawapigi muziki. Wanajifunza, wanafanya mtihani, na serikali inawapa leseni pamoja na jina la hewani ambalo hakuna mwingine analo. Jina hilo huanza na alama ya nchi. La Kongo linaanza na 9Q, la Rwanda 9X, la Burundi 9U, la Tanzania 5H, la Uganda 5X, la Kenya 5Z. Mmoja wa watu hao alikuwa Bob Bruninga, mhandisi aliyefanya kazi katika chuo cha jeshi la majini la Marekani. Mwaka 1982 aliandika programu ya kompyuta ya kuonyesha mahali pa meli katika ramani. Mwaka 1984 njia yake ilitumika katika mbio za farasi za maili 100, kusaidia mawasiliano ya wasimamizi njiani. Katika miaka ya 1990 kazi hiyo ikapata jina linalotumika hadi leo, APRS.

Inafanya kazi hivi. Redio inaunganishwa na kipokezi cha GPS, ambacho husikiliza satelaiti na kujua kiko mahali gani. Kila baada ya dakika chache redio inatoa mlio mfupi, kriii, kisha inanyamaza. Ndani ya mlio huo mna jina la hewani, mahali, na maneno machache, kama vile "daraja limekatika" au "tuko salama". Kituo kilichowekwa juu ya kilima kikiusikia kinaurudia ili ufike mbali zaidi. Halafu kuna kituo cha aina ya tatu, na hiki ndicho ninachotaka mkishike akilini: redio iliyounganishwa na intaneti. Mimi naiita lango. Lango halimjui mwenye mlio wala halimuulizi ana shida gani. Likiusikia linauchukua na kuupeleka, na baada ya sekunde chache mtu aliye Nairobi au Brussels anafungua ramani na kuona alama ya gari ikitembea kati ya Mudaka na Kavumu. Ramani inayotumiwa zaidi iliundwa na radioamateri wa Finland, na mtu anaitazama bila kusema yeye ni nani.

Milima yetu haipendi redio za namna hii. Mawimbi haya hutembea kama mwanga wa tochi. Mlima ukikaa mbele, mwanga unaishia hapo. Kahuzi una mita 3,308. Aliye hapa Miti hasikilizani na aliye Bunyakiri, upande wa pili wa mbuga, labda kuwe na kituo cha kurudia mahali pa juu sana, chenye betri, paneli ya jua, na mtu wa kukilinda. Hata kituo cha anga cha kimataifa, kile kinachozunguka dunia kwa kimo cha kilometa 400 hivi, kimebeba redio ya kurudia milio hii, lakini kinapita juu yetu kwa dakika chache tu na kwenda zake. Ninawaambia haya ili mtu asije akawaahidi kwamba mkipewa redio ishirini basi Kabare na Kalehe zote zitaonekana. Hazitaonekana. Zile foni za zamani mnazozijua, zilizokuwa za misheni na za wafanyabiashara wa viwanja vya ndege vya msituni, zilitumia mawimbi ya aina nyingine, yanayopanda angani na kurudi chini mbali sana. Ndiyo maana padre wa Shabunda aliweza kuongea na Bukavu bila kujali mlima.

Bruninga alifariki mwaka 2022. Miaka mingi alisisitiza kwamba chombo chake hakikukusudiwa kuwa cha kufuatilia magari. Alikusudia watu walio mahali pamoja wapashane habari, na aliyeulizwa aweze kujibu. Redio hizi zinaweza kubeba ujumbe wa herufi 67, na lango linaweza kurudisha jibu kutoka intaneti hadi kwa aliye porini. Herufi 67 zinatosha kusema "Gari linakuja kesho asubuhi, msiondoke." Hilo la jibu nitalirudia.

Sasa tufike kwenye swali la mama. Jibu lake fupi ni hili: mama, kila mtu ataona. Radioamateri wamefungwa na kanuni za kimataifa zinazowakataza kuficha maana ya maneno wanayotumiana kati ya nchi na nchi. Kwao uwazi ni heshima. Hewa ni ya wote, na anayeisema aseme wazi. Katika mbio za farasi, au kijiji kilichopatwa na mafuriko huko kusiko na bunduki, uwazi huo ni baraka. Huku kwetu hewa hiyo hiyo inasikilizwa na mtu tusiyemjua, mwenye redio aliyoinunua sokoni na makusudi asiyoyasema.

Lakini kunyamaza nako kumeua watu katika nchi hii. Msinielewe vibaya, sikuja kuwaambia mzime redio zote.

Mwezi wa Desemba 2009, kuanzia tarehe 14 hadi 17, waasi wa LRA waliingia katika vijiji vya eneo la Makombo, kule Haut-Uele. Waliwafunga watu kamba, wakawaua kwa mapanga na magogo, wakawachukua wengine kubeba mizigo. Human Rights Watch ilihesabu waliouawa wasiopungua 321, na waliotekwa zaidi ya 250, wakiwemo watoto wasiopungua 80. Ripoti hiyo ilitoka mwisho wa Machi 2010. Hesabuni wenyewe: miezi mitatu. Watu zaidi ya mia tatu wanakufa ndani ya siku nne, na dunia inakaa miezi mitatu kabla ya kusikia sawasawa, kwa sababu vijiji havikuwa na simu, barabara ilikuwa mbovu, na waliotembea kupeleka habari walifika wamechelewa.

Baada ya hapo kukawa na kazi ambayo ningependa ijulikane zaidi huku Kivu. Jimbo Katoliki la Dungu-Doruma, kupitia Tume yake ya Haki na Amani, pamoja na shirika la Marekani liitwalo Invisible Children, walisambaza foni za mawimbi mafupi katika vijiji vya Uele. Hazikuwa redio za radioamateri, na hazikutoa mahali zenyewe. Kulikuwa na mtu wa kijiji, aliyefundishwa, akikaa kwenye foni asubuhi na jioni na kusema kilichotokea: wameonekana wangapi, wapi, wanaelekea wapi. Vijiji vingine vilisikia hapo hapo na kujua kama waende shambani siku hiyo au wasiende. Dungu ilikusanya. Kuanzia Septemba 2011 habari hizo ziliwekwa pia katika ramani ya intaneti, iliyoitwa LRA Crisis Tracker. Hapo katikati, kati ya foni na ramani, waliketi watu waliouliza: nani ameona kwa macho, nani amesikia tu? Kila habari ilipimwa kama inaaminika kiasi gani.

Basi na Dungu walikuwa na lango, ila lango lao lilikuwa na mlinzi.

Na sisi wa Kivu ya Kusini tumewahi kuwa na la kwetu. Kuanzia 2009 hadi 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walifanya kazi na vijiji 18 vya mkoa huu. Kazi iliitwa Voix des Kivus, yaani Sauti za Kivu. Kila kijiji kilipata simu tatu: moja kwa mkuu wa kijiji, moja kwa mwakilishi wa wanawake, moja kwa mtu aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe. Waliandika ujumbe mfupi juu ya mambo ya kijiji, vita, magonjwa, mavuno, na ujumbe ukaingia kompyuta. Habari za hatari hazikumwagwa hadharani. Ninazipenda zile simu tatu. Mkuu wa kijiji akinyamazia jambo, mama ana simu yake. Na wote wawili wakikubaliana kunyamaza, bado yuko wa tatu.

Sasa naomba niseme habari ambayo wengine hapa waliiona kwa macho yao, na nitaisema kwa uangalifu.

Mwaka 1994 redio ilitumika kwa njia mbili katika nchi hizi jirani, na wazee wanakumbuka zote mbili. Huko Rwanda kulikuwa na RTLM. Ilitaja hewani majina ya watu, namba za magari yao, na mahali walipojificha, na wauaji wakaenda huko. Ile nayo ilikuwa ripoti ya mahali. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, Bukavu ikapata Radio Agatashya, yaani mbayuwayu, iliyotoa habari kwa wakimbizi bila chuki. BBC nayo ikaanzisha Gahuzamiryango, "inayounganisha familia," iliyosoma majina ili mtoto ajue mama yuko wapi. Kama ungesimama mbali usielewe lugha, ungedhani zote zinafanya jambo moja, maana zote zilikuwa sauti za watu zikitaja majina na mahali.

Halafu ikaja 1996. Kambi za wakimbizi wa Rwanda za Inera na Kashusha zilikuwa hapa hapa kwenye njia hii yetu. Mwezi wa Novemba zilivunjwa kwa vita, na watu wakaingia msituni, wengine wakaelekea Walikale, wengine Shabunda. Mwanzoni mwa 1997 Madaktari Wasio na Mipaka walikwenda njia ya Shabunda kuwatafuta waliobaki hai: watoto wenye njaa, wazee wasioweza kutembea. Katika ripoti yao ya mwaka huo madaktari waliandika jambo zito. Walilazimishwa kutembea na watu waliowekwa na wakubwa wa vita. Wakimbizi walipoliona gari la waganga walitoka msituni kuomba dawa. Mahali pakajulikana. Askari wakafuata nyuma. Madaktari wakaandika kwamba walikuwa wametumiwa kama chambo.

Hakukuwa na GPS katika magari yale ya kupeleka mlio kwenye ramani, wala hakukuwa na intaneti Shabunda. Ilitosha gari jeupe na mtu mmoja ndani yake mwenye redio. Mimi kila nikisikia pendekezo la kuweka alama ya familia katika ramani, nafikiri kwanza juu ya barabara ile ya Shabunda, na ninaomba mniwie radhi kama hilo linanifanya mzito wa kukubali.

Nimesikia hoja kwamba mambo yamebadilika, kwamba siku hizi mashirika yana kanuni. Ni kweli zipo. Msalaba Mwekundu, unapomtafuta ndugu yako, hautoi anwani ya aliyepatikana mpaka yeye mwenyewe akubali. Unaweza kutafutwa, ukapatikana, ukasema: mwambieni niko hai, lakini msimwambie niko wapi. Na itaheshimiwa. Hiyo ni kanuni ya watu waliojifunza kwa machungu. Redio yenye kriii kila dakika tano haina nafasi ya kumuuliza mtu kama anakubali.

Ila chombo chenyewe kina akili kuliko wanaokileta wakati mwingine. Katika kanuni za APRS aliyeirusha redio ana ruhusa ya kufifisha mahali pake. Anafuta tarakimu za mwisho za namba zinazosema alipo. Akifuta moja, ramani inamkosea kwa mita mia mbili hivi. Akifuta mbili, kosa linafika karibu kilometa 2: watajua yuko Miti, hawatajua ni nyumba gani. Akifuta tatu ni kilometa 18 na zaidi, na hapo ni tarafa nzima. Hakuna uongo ndani yake, maana ramani inaonyesha kwamba mahali hapo pamefifishwa makusudi. Mtu akija kuwaonyesha redio hizi, muulizeni: tarakimu ngapi zitafutwa, na nani atashika ufunguo wa kuzirudisha? Asipoelewa swali, mwambieni arudi wiki nyingine.

Basi mimi nawashauri nini? Nitasema ninavyoona, kisha ninyi mtaamua, maana mtakaolala hapa ni ninyi.

Redio za kutangaza mahali ziwekwe kwenye vitu ambavyo adui hapati faida mpya kwa kuvijua. Daraja lililovunjika haliwezi kuviziwa. Bomba la maji, kituo cha afya, barabara iliyoteleza upande wa mbuga, hivyo kila mtu anavijua na vinafaa kuonekana. Gari la wagonjwa ni gumu zaidi. Ningesema lionekane kwa watu wawili au watatu wanaolingoja, kwa redio ya shirika lenyewe yenye masafa yake yenye ruhusa, na si kwenye ramani ya dunia. Lori la chakula lionekane baada ya kufika, sio kabla. Habari ya jana inamtosha mwandishi wa ripoti, na haimsaidii anayengoja kwenye kona.

Familia zinazotembea zisibebeshwe redio. Hapo nasema bila kuuma maneno. Kundi la watu wenye magodoro kichwani likibeba chombo kinacholia kila dakika chache, limebeba kitu ambacho halijui kinaongea na nani. Na kuna jambo jingine ambalo wanaokaa mbali hawalifikirii. Kijana akikutwa kwenye kizuizi na redio bila karatasi, hataulizwa kama ni radioamateri. Ataitwa mpelelezi. Inaweza kuwa kizuizi cha upande huu au cha upande ule, neno ni lile lile. Leseni zinatolewa na serikali kupitia mamlaka ya posta na mawasiliano, na mahali ambapo wenye bunduki wamebadilika, karatasi ya jana inaweza kuwa ndiyo kosa la leo. Mmeona Februari 2025. Tarehe 14 vita vilifika uwanja wa ndege wa Kavumu, tarehe 16 Bukavu. Ndani ya siku mbili watu walihitaji karatasi nyingine.

Badala ya redio zinazojisemea zenyewe, mimi naomba foni moja au mbili zenye watu. Watu wanaojulikana. Na hapa ndipo patakapokuwa na ugomvi, kwa hiyo tuupitie sasa tukiwa tumekaa. Nani atakaa kwenye foni? Wenyeji watasema: ardhi ni yetu, mtu wetu akae. Waliohama watasema: habari ni za njia tulizopita sisi, tuna haki. Na kila mmoja atanong'ona nyumbani juu ya kabila la mwenzake. Wale wa zile simu tatu walilikata jambo hili vizuri. Mimi ningependekeza watu wanne: wawili wenyeji, wawili waliohama, na katika kila upande mmoja awe mama. Wakae wawili wawili, mmoja wa kila upande, asubuhi na jioni. Kinachosemwa kiandikwe kwenye daftari, na mwenzake atie sahihi. Daftari lisiwe na majina ya watu. Mtakaporushiana lawama, na mtarushiana, mtalifungua daftari.

Kazi yao ya kwanza itakuwa tetesi. Mnajua wenyewe mambo yanavyokwenda. Risasi zinasikika upande wa barabara ya Bunyakiri. Saa moja baadaye mtu wa pikipiki anapita akisema wamefika. Nusu ya watu wanafunga mizigo, wanakimbilia Bukavu, wanauza mbuzi njiani kwa bei ya kuku. Kesho yake inajulikana kuwa ni walinzi waliofyatua risasi juu. Nani atalipa yule mbuzi? Foni iliyo upande wa pili, yenye mtu mnayemwamini, ingesema ndani ya dakika kumi: ni uongo, kaeni. Au ingesema: ni kweli, ondokeni sasa, pitieni chini. Jambo hilo halihitaji ramani ya intaneti kabisa. Linahitaji jirani aliye mbali.

Na lile la jibu. Katika kazi za namna hii nimeona watu wakichoka. Wanatuma habari leo, kesho, keshokutwa. Huko juu habari inaingia katika jedwali, jedwali linaingia katika mkutano, na kijijini harudi mtu hata kusema tumesikia. Mwezi wa tatu mhudumu wa foni anaanza kusema "hakuna jipya" hata kama lipo, kwa kuwa kulisema hakujamletea chochote ila hatari. Kwa hiyo katika makubaliano mtakayoandika na shirika lolote, wekeni kipengele: kila habari ya hatari ijibiwe kabla ya siku kwisha, hata jibu likiwa ni "hatuwezi kuja." Mtu akiambiwa hatuwezi kuja, anajua akimbie. Akinyamaziwa, anangoja.

Mniruhusu dakika mbili za simu zenu, kisha nakaa. Vijana mnadhani nimeongea mambo ya redio za wazee. Simu iliyo mfukoni mwako nayo ina GPS, na kila ukiwa na mtandao unabeba lango lako mwenyewe. Ukipiga picha, simu nyingi zinaandika mahali ndani ya picha ile, kama kamera imeruhusiwa kujua mahali. Ukituma picha ya mahema ya shangazi yako kwa binamu aliye Kampala kama faili kamili, mahali panakwenda nayo. Na ile ya kumwonyesha mtu mahali ulipo moja kwa moja kwa WhatsApp inaendelea kukuonyesha hata ukisahau, mpaka muda uliouweka uishe au uizime. Zimeni ruhusa ya mahali kwenye kamera. Baada ya mazungumzo nitakaa chini ya mti pale, anayetaka nimwonyeshe aje na simu yake. Mama msio na simu kali, msijisikie mmeachwa. Leo ninyi ndio mlio salama zaidi.

Wakuu wa vijiji na wa kamati wameomba wapewe siku saba kabla ya kujibu pendekezo. Ninaona ni haki. Wanaotaka jibu leo wangoje.

Sasa maswali. Naomba tuanze upande huu wa kushoto, na mama aliyeuliza lile la kwanza, kama yupo, aanze yeye.